Nimefika Eyam, kijiji kilichojifungia ndani na tauni

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Mnivumilie na huu upepo. Maiki nimeifunga kitambaa, lakini upepo wa milima ya Derbyshire, huku Uingereza, hauna adabu hata kidogo. Leo nimepanda basi kutoka Sheffield ninakoishi, nimekuja kijiji kinachoitwa Eyam. Mimi nikakisoma kama kilivyoandikwa, "Eyamu". Dereva akanitazama kama nimemwambia anishushe Mombo! Kumbe wenyewe wanasema "Iim", basi.

Watu wa Lushoto, video hii ni yenu hasa. Sisi tuliokulia Usambara miaka ya tisini tauni tunaijua. Bibi yangu akikuta panya kafa mwenyewe sakafuni, hakuna maswali: wote nje, na mtu anatumwa kwa bwana afya. Huku nikisimulia hayo kazini, wananishangaa, maana kwao tauni ni habari ya vitabuni. Sasa twende tukaone ya kwao.

Nyumba hizi zenye vibao mbele ndizo ilikoanzia. Wanaishi watu mpaka leo, kwa hiyo kamera nitaishusha kidogo. Mwaka 1665, Agosti inaelekea kuisha, fundi wa nguo hapa akaletewa vitambaa kutoka London. Vilikuwa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akavianika motoni. Humo ndani, inasimuliwa, kulikuwa na viroboto. Viccars akazikwa tarehe 7 Septemba, wakafuata wa nyumba hiyo, kisha majirani.

Juni 1666, mchungaji wa kijiji, William Mompesson, akashirikiana na mwenzake aliyemtangulia, Thomas Stanley. Hawa wawili hata madhehebu hayakuwa yakipatana. Wakawaambia watu: hakuna kutoka. Ibada ikahamia bondeni, nje, kila familia imekaa kivyake. Maiti kila mtu azike wake, shambani au bustanini. Chakula kikawa kinaletwa mpakani, kingine kimetoka kwa Earl wa Devonshire, tajiri wa Chatsworth hapo jirani.

Nimeteremka mpaka kwenye jiwe lenyewe la mpakani, njia ya kwenda Stoney Middleton. Ngoja nisogeze simu... mnaona? Mashimo sita. Walikuwa wanajaza siki, wanatumbukiza sarafu za kulipia chakula, ili ugonjwa usitoke na hela. Kingo zimelainika, kidole gumba kinaingia chote. Ndani nimekuta maji ya mvua na senti za wageni.

Pale kijijini utaambiwa wote walikubali kwa moyo mmoja. Mimi hapo nasita. Wenye uwezo walishaondoka mapema, na Mompesson mwenyewe watoto wake alishawatoa. Simlaumu, mzazi ni mzazi, na mkewe Catherine alibaki naye, akafa Agosti 1666. Ila maskini asiye na ndugu mji mwingine, ukimwambia abaki, angekwenda wapi?

Halafu kuna hadithi ya wapenzi, maana haikosekani. Emmott Sydall wa hapa na Rowland wa Stoney Middleton, eti wakikutana kwa kutazamana tu, huyu ng'ambo hii ya bonde, yule ng'ambo ile, bila kusema neno. Siku moja binti hakutokea. Kijana akaendelea kuja mpaka kijiji kilipofunguliwa, ndipo akaambiwa. Tatizo ni kwamba Emmott alikufa Aprili, na kijiji kilifungwa Juni! Lakini ndiyo hadithi hadithi, hadithi njoo. Kuna na ya Marshall Howe, aliyeugua akapona, akajiona tauni haimuwezi tena, akageuka mzika watu, malipo yake ni vitu vya marehemu. Wazazi walikuja kuwatishia watoto kwa jina lake, kama sisi tulivyotishiwa zimwi.

Sasa niko nje ya kijiji, nimepanda kilima nahema. Huu ukuta wa mviringo unaitwa Riley Graves. Elizabeth Hancock alizika hapa mume na watoto sita, Agosti 1666, ndani ya siku nane. Peke yake. Inasimuliwa aliwafunga kitambaa miguuni akawaburuta, huku watu wa ng'ambo wakimwangalia kutoka mlimani. Hesabu inayotajwa kwa kijiji kizima ni watu 260, mpaka Novemba mwaka huo.

Huyu mama hakuugua. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, kijana aliyekuwa akijifunza kazi Sheffield, na baadaye akaenda kuishi kwake. Njia yenyewe ndiyo hii ninayorudi nayo mimi na basi jioni hii.

Nazima kamera hapa kwanza, nikae nao kidogo.