Kulinda Moto wa Tanuru Usiku Kucha

UPENDO: Msikilizaji, karibu. Huku Mbeya kiangazi kimekolea, na ukipita vijijini jioni unaona moshi wa matanuru kila upande. Kaka Lusajo amechoma matofali tangu ujana wake. Kaka, mwaka huu unachoma tena?

LUSAJO: Nachoma, dada. Matofali elfu nane, tanuru la midomo minne. Yamekaa chini ya nyasi wiki tatu yakikauka. Jumamosi jioni nakoka moto.

UPENDO: Mimi nilidhani ukishapanga na kukandika, unajaza magogo, unawasha, kazi imekwisha.

LUSAJO: Ndivyo nilivyofanya tanuru langu la kwanza, na mpaka leo linaniuma. Matofali elfu sita, tumeyafyatua mimi na mdogo wangu. Saa kumi na mbili jioni nikasukuma magogo yote ndani, moto ukanguruma, nikafurahi. Haijafika saa tatu nikasikia humo ndani paa! paa! kama bisi kwenye sufuria. Matofali yanapasuka. Tulipofungua, ya chini yalikuwa vipande, ya juu udongo mtupu, ukilitia maji linamumunyuka. Zaidi ya nusu tulitupa.

UPENDO: Pole sana, kaka. Kumbe shida ilikuwa nini?

LUSAJO: Maji. Tofali hata likauke vipi, ndani lina unyevu. Ukilipiga moto mkali, unyevu unageuka mvuke kabla haujapata njia ya kutokea, unalipasua. Kwa hiyo usiku wa kwanza ni wa kufukiza tu. Kuni nyembamba mbili tatu kila mdomo, moto wa kuchemshia chai. Juu utaona moshi mweupe, mzito. Mwingi ni mvuke huo.

UPENDO: Na utajuaje umekwisha?

LUSAJO: Kwa panga. Chukua panga la baridi, lishike pale juu moshi unapotokea, hesabu mpaka kumi, litazame. Likiwa na matone, bado. Likitoka kavu, sasa ongeza kuni. Mimi napima kila saa. Kuna mwaka kulikucha panga bado linatoka jasho, nikaendelea kufukiza mpaka saa nne asubuhi. Halikupasuka hata moja la kuhesabu.

UPENDO: Halafu ndiyo magogo?

LUSAJO: Kidogo kidogo. Ukifika nyuzi joto 573 hivi, chembe za mchanga ulio kwenye udongo hutanuka kwa ghafla, na tanuru likipoa hunywea vivyo hivyo. Hapo ukikurupuka, nyufa. Tofali linaiva kwenye nyuzi 900 mpaka 1,000.

UPENDO: Kijijini nyuzi hizo anapima nani?

LUSAJO: Macho, dada. Usiku chungulia mdomoni. Ukiona rangi ya damu ya mzee, bado safari. Ikiwa rangi ya chungwa lililoiva, umefika. Lakini kufika huko sharti moto usilale, na saa nane usiku ndipo unapolala, kwa sababu na mlinzi naye anasinzia.

UPENDO: Ukilala unafanyaje? Unarushia gogo jingine?

LUSAJO: Hapana! Hilo ndilo kosa la wengi. Gogo baridi juu ya makaa machache linanyonya joto lote, unabaki na moshi. Kwanza kokoa majivu kwa mti mrefu, maana yakijaa yanaziba hewa ya chini. Vuta makaa yaje mbele, yakusanye. Weka vijiti vikavu, viwake vizuri, ndipo kuni za mkono, ndipo gogo. Na gogo lisikae peke yake. Kijinga kimoja kinazima. Viwili vikitazamana, na nafasi ya vidole viwili katikati, vinapeana moto.

UPENDO: Na kuni mbichi je? Watu wanasema zinadumu.

LUSAJO: Zinadumu kwa sababu haziwaki. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Joto lako lote linaishia kuchemsha maji hayo. Pasua, anika miezi, ndipo uchome. Utatumia miti michache, na huku milimani miti imepungua, tunaona wenyewe. Wenzetu wa Kyela na Mbarali wana pumba za mpunga. Zinaungua polepole, zinasaidia sana.

UPENDO: Upepo?

LUSAJO: Midomo ya upande unakotoka, ziba nusu kwa matofali na tope. Ukiuacha uingie, upande mmoja unayeyuka, mwingine unabaki mbichi. Upepo ukigeuka, nawe geuka, hata iwe usiku wa manane.

UPENDO: Kuna jambo nataka tuliseme wazi. Baridi ya Juni na Julai huku ni kali, na vijana wanajikunja kulala mdomoni mwa tanuru.

LUSAJO: Wasilale pale kabisa. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu anaona usingizi mtamu, haamki. Kaa upande upepo unakotoka, muwe wawili, mpeane zamu.

UPENDO: Na ukishaona chungwa lako?

LUSAJO: Jaza kuni mara ya mwisho, ziba midomo yote kwa tope, uondoke. Wiki nzima usiguse. Siku ya kufungua, gonga tofali kwa tofali; likilia kama kengele, limeiva.

UPENDO: Jumamosi nakuja, kaka. Nilete nini?

LUSAJO: Chai kwenye chupa na koti zito. Zamu yako ni saa nane usiku.