Namba ni ya ofisi: simu za kwenye kompyuta, kuanzia Malaba hadi Kampala

ODONGO: Wasikilizaji wetu, habari za huko mliko. Kampala, Tororo, Arua, Malaba, na nyinyi madereva mnaotusikiliza huku mkingoja foleni isogee, karibuni sana. Mimi ni Odongo, niko na dada Zubeda. Leo tunaongea kuhusu kupiga na kupokea simu kwenye kompyuta kupitia intaneti. Dada, kazi yako ndiyo hiyo, kufunga simu hizi maofisini. Nianze na swali ninaloulizwa kila mara: mtu ana WhatsApp kwenye kompyuta yake, anataka nini tena?

ZUBEDA: Asante, kaka Odongo. WhatsApp naitumia kutwa, sina ugomvi nayo. Lakini kwa kawaida inafuata laini ya mtu. Chukua ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, mpakani na Kenya. Karani amekaa miaka, namba yake ndiyo iliyoandikwa mlangoni, ndiyo iko kwenye kadi, ndiyo dereva wa Mombasa anayo, na mwenye mzigo wa Kikuubo, kule sokoni Kampala, anayo. Siku karani akiondoka, anaondoka na laini yake na wateja wanamfuata. Mwenye ofisi anabaki na meza na viti. Simu ya kompyuta inatibu hilo kabla ya jambo lingine lolote. Namba inakuwa ya ofisi. Karani anapewa jina na nenosiri la kuingilia. Akiondoka unalibadilisha, na namba inaendelea kulia pale pale.

ODONGO: Hapo umenigusa, maana nimefanya kazi ya klaringi mpakani na nimeyaona hayo. Watu hudhani habari yote hii ni ya kutafuta simu za bei rahisi.

ZUBEDA: Unafuu upo, ila unaelezwa vibaya. Kompyuta kwa kompyuta, wote mkiwa kwenye intaneti, mnalipia data tu. Lakini ukipiga namba ya kawaida, yenye 077 au 075, sauti yako lazima itoke kwenye intaneti iingie kwenye mtandao wa kampuni ya simu, na kampuni hiyo inatoza kwa kuipokea. Kwa hiyo mtoa huduma wako naye atakutoza kwa dakika. Anayekwambia kila simu ni bure, muulize nani analipa hapo katikati. Wapo wanaopitisha simu za ng'ambo kwenye vile visanduku vilivyojazwa laini, simu inaingia ikionyesha namba ya hapa nyumbani. Huo ni uhalifu, na wenye visanduku hivyo wanasakwa. Tafuta mtu mwenye leseni ya UCC, Tume ya Mawasiliano, na umwombe akuonyeshe.

ODONGO: Wengi wetu tuliingilia kwa Skype.

ZUBEDA: Ilianza 2003, Microsoft wakainunua 2011, na Mei 2025 wakaizima. Watu waliokuwa wanaitumia kupigia simu za kawaida wakawa wanauliza waende wapi. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu wa kuunganisha simu kwenye intaneti unaoitwa SIP. Ni kanuni iliyo wazi, ilichapishwa 1999, na hakuna kampuni inayoimiliki. Ukiwa na akaunti ya SIP, unaweza kutumia programu yoyote inayoielewa. Linphone, MicroSIP kwa wenye Windows, ziko nyingi na hizo mbili hazina gharama. Mtoa huduma akikuchosha, unahamia kwa mwingine na programu yako inabaki ile ile.

ODONGO: Twende ndani. Nimeweka programu, nimejaza akaunti, alama ya kijani imewaka. Halafu inakuwa hivi: mimi nikipiga, simu inaenda vizuri. Nikipigiwa, hailii. Mteja anasema alipiga mara tatu, mimi sikuona chochote.

ZUBEDA: Hiyo naikuta sana. Alama ya kijani maana yake programu yako imeiambia seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayounganisha simu, "niko hapa, simu zangu nileteeni huku." Ruta yako, kile kisanduku kinachogawa intaneti ofisini, inakumbuka njia hiyo, lakini kwa muda mfupi. Ruta nyingi, ikipita nusu dakika hivi bila kitu kupita, zinafunga. Seva bado inaamini uko pale, inaleta simu, inagonga kwenye ukuta. Wewe ukipiga, unafungua njia upya, ndiyo sababu kupiga hakuna shida. Dawa ni ndogo: kwenye mipangilio ya akaunti kuna mahali pa kuiambia programu iwe inagusa seva kila baada ya muda. Weka sekunde 15 au 20. Au, pale pa kuchagua namna ujumbe unavyosafirishwa, badala ya UDP chagua TCP, na kama mtoa huduma anayo, TLS ndiyo bora, kwa sababu inaficha pia nani kampigia nani.

ODONGO: Na ile ya kusikia upande mmoja? Simu imepokelewa, sekunde zinahesabu pale kwenye skrini, yeye ananisikia, mimi simsikii.

ZUBEDA: Kwenye SIP simu inakwenda kwa njia mbili. Njia moja ni ya maagizo: piga, lia, pokea, kata. Nyingine ni ya sauti yenyewe, na inafunguliwa baada ya maagizo kukubaliana. Kompyuta yako, ndani ya yale maagizo, inaandika anwani ya kupokelea sauti. Sasa ikiandika anwani ya ndani ya ofisi, zile zinazoanza na 192.168, ni kama kumwandikia mtu wa Mombasa barua ukaweka anwani ya kurudishia "chumba cha nyuma." Sauti yako inamfikia, yake haina pa kwenda. Kwa hiyo washa STUN kwenye programu, inaisaidia kompyuta kujua inaonekana vipi kutoka nje. Halafu ingia kwenye ruta, tafuta kitu kinachoitwa SIP ALG, kizime. Kiliwekwa kusaidia, lakini kwa ninayoyaona kinaharibu kuliko kinavyosaidia. Wenye intaneti ya modemu za simu wanapata tabu zaidi, kwa sababu kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo unahitaji mtoa huduma ambaye seva yake inapitisha sauti yenyewe, isingoje kompyuta mbili zikutane.

ODONGO: Zamani zile kwenye vibanda vya intaneti vya Kampala, kuongea na ng'ambo ilikuwa kupishana. Unasema, unanyamaza, unasubiri, mara mnaanza wote pamoja.

ZUBEDA: Ilikuwa setilaiti. Ile inakaa juu zaidi ya kilomita 35,000. Sauti ikipanda na kushuka, karibu robo ya sekunde imekwisha, na mwenzio hajajibu bado. Wataalamu wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, wanashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili watu waongee bila kukanyagana. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, SEACOM na TEAMS, na sisi tusio na bahari tukaunganishwa nazo kwa faiba ya nchi kavu. Mambo yakabadilika. Lakini bado tunategemea pwani. Mei 2024 nyaya mbili zilipokatika kuelekea Afrika Kusini, intaneti ilisuasua hapa kwetu, Kenya na Tanzania.

ODONGO: Na wakati wa OTT?

ZUBEDA: Ile kodi ya kutumia mitandao kama WhatsApp, shilingi 200 kwa siku, kuanzia Julai 2018. Ili kuikwepa, watu wakakimbilia VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali. Sasa mtu yuko Kampala anampigia mtu wa Jinja, sauti inakwenda Ulaya kwanza ndipo irudi Jinja. Halafu analalamika simu ni mbovu! OTT iliondolewa 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data. Ila somo la umbali liko vile vile: muulize mtoa huduma seva yake iko wapi. Kampala kuna kituo cha kubadilishana intaneti, UIXP. Seva iliyounganishwa hapo, au iliyo Nairobi, itakutendea mema kuliko iliyo Frankfurt, kama wateja wako ni wa hapa hapa.

ODONGO: Je, data? Mwenye ofisi ndogo anaogopa bando litakwisha.

ZUBEDA: Kodeki ni namna ya kugeuza sauti kuwa data. Simu moja kwa kodeki ya G.711, ambayo ndiyo ya kawaida, inataka kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda, na hivyo hivyo kurudi. Kwa saa nzima ya maongezi ni kama megabaiti 78. Ukichagua G.729 inashuka hadi karibu 28. Opus pia ni nzuri na inavumilia intaneti inayoyumba. Unaona kwamba kasi sicho kikwazo. Ofisi ina megabiti 10 na simu inakatika maneno. Kwa nini? Kwa sababu mwenzako kwenye meza ya pili anapandisha hati za kontena alizoskani, faili kubwa kubwa, na njia ya kupandisha ndiyo nyembamba. Sauti yako inapanga foleni nyuma ya hati. Ipe sauti kipaumbele kwenye ruta, na kompyuta ya simu iunganishe kwa waya, usiitegemee waifai. Na tafadhali nunua hedseti ya USB. Mwangwi ukiusikia wewe wa sauti yako mwenyewe, mara nyingi spika iliyo wazi iko upande wa mwenzio, na yeye hata hajui.

ODONGO: Nilitaka turudi kwenye ofisi ya mpakani. Simu imeingia. Tuonyeshe inavyosimamiwa.

ZUBEDA: Dereva kapiga, trela imezuiwa, karatasi moja haipo. Simu inalia kwenye kompyuta mbili kwa pamoja, ya kwanza kuidaka inaichukua. Karani wa Malaba anaona namba na jina. Anamsikiliza, anagundua karatasi iko kwa mwenzake aliye Mombasa. Hamwambii dereva "piga namba hii," dereva yuko kwenye jua na salio linakwisha. Anamweka dereva asubiri, anampigia mwenzake kwa namba fupi ya ndani, tuseme 204, anamweleza shida kwa sentensi mbili, halafu anabonyeza kuhamisha. Dereva anajikuta anaongea na mwenye karatasi. Ya Malaba kwenda Mombasa ilikuwa simu ya ndani, haikutozwa dakika. Na jioni mwenye ofisi anafungua orodha: nani alipiga, saa ngapi, nani alipokea, zipi hazikupokelewa. Hizo ambazo hazikupokelewa ndizo ninazopenda mwenye ofisi azitazame kwanza. Kila moja ni mtu aliyekwenda kwa wakala wa jirani.

ODONGO: Kumbe nyuma ya yote hayo kuna mtambo.

ZUBEDA: Upo. Ni programu inayopokea na kugawa simu za ofisi. Asterisk, kwa mfano, umekuwepo tangu 1999, ni wa bure, na unakaa hata kwenye kompyuta ya zamani pale ofisini. Au unaukodi kwa mtoa huduma. Kwa ofisi ya watu watano ningesema kodi, kwa sababu umeme wa Malaba ukikatika, mtambo ulioko kwingine unaendelea kupokea na kuzipeleka simu kwenye simu za mkononi. Ruta yenyewe iwekee betri ndogo ya akiba, zile za volti 12.

ODONGO: Wizi je?

ZUBEDA: Hapo nataka watu wasikilize kwa makini. Ukiweka mtambo wako wazi kwenye intaneti kwa mlango wa 5060, ule wa kawaida wa SIP, haipiti muda mrefu kabla watu hawajaanza kujaribu manenosiri. Ukiweka namba 204 na nenosiri 204, wataingia. Wanasubiri usiku au wikendi, wanapiga namba za ng'ambo zenye gharama kubwa, na bili inakuja kwako. Nenosiri liwe refu, lisilokisika. Funga nchi usizopigia kabisa. Na akaunti iwe ya kulipia kabla, yenye kikomo, ili hata wakiingia wakute kidogo.

ODONGO: Kurekodi simu kunaruhusiwa?

ZUBEDA: Mwambie mteja mwanzoni, na akubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, sauti ya mtu na mambo yake ni taarifa zake. Na rekodi usiziache kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaikalia.

ODONGO: La mwisho kutoka kwangu: mtu akipata dharura, apige polisi kwa kompyuta?

ZUBEDA: Hapana. 999 au 112 piga kwa simu ya mkononi. Kompyuta inaweza kuwa na namba ya Kampala na wewe uko Arua, na intaneti ikizima haina msaada.

ODONGO: Na anayetaka kuanza kesho?

ZUBEDA: Asilipe kwanza. Aombe akaunti ya majaribio, apige ile namba ya kupimia mwangwi inayomrudishia sauti yake, na ajaribu saa nne asubuhi, ofisi nzima ikiwa kazini na hati zinapanda. Ikipita hapo, basi aongee bei.

ODONGO: Dada Zubeda, asante sana. Wasikilizaji, maswali yenu tutumieni, tutayachukua kipindi kijacho.