Bukari kwenye wingu la maneno

BÉA: Karibuni tena, wasikilizaji wa Lubumbashi na popote mlipo. Trésor, leo mpira wa Mazembe utangoja.

TRÉSOR: Nimenyamaza, yaya, dada yangu mkubwa. Sema.

BÉA: Jumanne nilikuwa Kampemba, kwenye semina ya walimu. Slaidi ziko ukutani, katikati nimeweka swali la Mentimeter, programu ya kupiga kura kwa simu: "Kazini unakosa nini?" Mtu anaingiza kwenye simu ile namba iliyo ukutani, anajibu bila kutaja jina. Majibu yanakusanyika ukutani kama wingu la maneno, na neno likiandikwa na wengi linanenepa. Zikaja chaki, vitabu, mshahara. Halafu pembeni kabisa, kwa herufi ndogo: bukari, ugali wetu. Punde si punde limeupita mshahara.

TRÉSOR: (kicheko) Bukari na nini?

BÉA: Mmoja aliandika "bukari na tomson", yule samaki. Hiyo ikabaki peke yake, maana programu inajumlisha maandishi yanayofanana tu.

TRÉSOR: Tomson wa kukaanga au wa mchuzi?

BÉA: Trésor!

TRÉSOR: Nauliza, maana mimi ningeandika sombe, majani ya muhogo. Sombe iliyolala, ya siku ya pili, mafuta ya mawese yamepanda juu...

BÉA: Watu wanatusikiliza na njaa zao.

TRÉSOR: Ndiyo ninapokwenda. Ilikuwa saa ngapi?

BÉA: Saa saba inakaribia, na chakula hakikupangwa.

TRÉSOR: Basi hawakuchezea swali lako, wamelijibu. Mwalimu ameacha unga wa kuhesabu nyumbani. Mahindi yetu mengi yanapitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Wakifunga kule, sufuria za huku kwetu Katuba zinajua wiki hiyo hiyo.

BÉA: Na mkurugenzi wa shule ameketi safu ya kwanza. Nani angenyosha mkono amwambie ana njaa? Simu ndiyo iliyowasemea.

TRÉSOR: Waliokuwa nayo. Wenye simu ya tochi je?

BÉA: Wengine walishirikiana.

TRÉSOR: Ukimwazima mtu simu, utaona anachoandika. Siri iko wapi? Na mega za intaneti walilipa wenyewe. Mzee aliyeshika chaki tangu hatujazaliwa anakaa kutazama ukuta. Mimi nasema mikono inyooshwe.

BÉA: Mkono unamtazama mkurugenzi kwanza, ndipo unapanda.

TRÉSOR: Na simu inatazama ukuta. Wakiona neno limenenepa, wanalifuata.

BÉA: Unaweza kuficha matokeo mpaka wote wamalize kujibu.

TRÉSOR: Basi vikaratasi na kikapu. Siri ipo, na mzee wangu anapiga kura.

BÉA: Nusu saa unakunjua vikaratasi! Mimi niliona pale pale, nikaacha slaidi zilizobaki, tukaongea chakula na mkurugenzi. Sahani zikaja. Kikapu kingenipa jibu watu wameshaenda nyumbani.

TRÉSOR: Sahani nazipongeza. Lakini asiye na simu hakuulizwa.

BÉA: Na aliyeogopa alisema.

TRÉSOR: Hapo hatupatani, yaya.

BÉA: Hatupatani. Sitarudi kwenye mikono.

TRÉSOR: Wala mimi sitamwacha mzee wangu.

BÉA: Fundi ananionyesha saa. Na nilikuwa na mambo matatu ya kuwafundisha: kuingiza Slido, programu nyingine ya kura, ndani ya slaidi za PowerPoint, maswali mangapi yanatosha kwa saa moja, na ufanye nini umeme ukikatika katikati ya kura.

TRÉSOR: Sema la umeme!

BÉA: Haliishi kwa dakika moja. Chukueni hili tu: Mentimeter ya bure inapokea washiriki 50 kwa mwezi, kwa hiyo hesabuni viti kabla ya...

TRÉSOR: Muziki umeingia.

BÉA: Nausikia. Viti, jamani, hesabuni viti!