Nyongo ya Dubu Inatibu, na Hapo Ndipo Penye Tatizo

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo naongea nanyi kutoka Hanoi, huku Vietnam, na mada ni dubu. Tuseme nyongo yake.

Najua mtakachosema: "Huo ni uchawi tu." Hapana, tulieni kidogo. Pembe ya faru, hiyo sawa, ni keratini, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye kucha zako. Tafuna zako bure. Lakini nyongo ya dubu ina asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo huyeyusha baadhi ya mawe ya kwenye nyongo na kutibu ugonjwa fulani wa ini. Wachina waliiweka kwenye kitabu chao cha dawa mwaka 659. Sasa wewe mwendee mzee wa hapa umwambie anajidanganya! Atakuona huna adabu, na hatakuwa amekosea sana.

Ila asidi hiyo wataalamu waliitengeneza maabara tangu miaka ya 1950. Vidonge vyake viko kwenye maduka ya dawa, na malighafi yake mara nyingi ni nyongo ya ng'ombe aliyekwisha chinjwa. Dubu wa nini tena?

Ufugaji ulianzia Korea Kaskazini miaka ya 1980, ukaingia China, Korea Kusini na hapa. Waliutetea hivi: tukiwafuga, wa porini watapumua. Wapi! Wa kufugwa wenyewe walitoka porini, wengi wakiwa bado watoto. Wapo waliookolewa wakiwa na miguu mitatu, mmoja uliishia kwenye mtego. Na wanunuzi nao wakashikilia kwamba nyongo ya porini ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo mwindaji hakukosa kazi.

Hapa dubu hudungwa dawa ya usingizi, wanakitafuta kifuko cha nyongo kwa ultrasaundi, halafu sindano ndefu inaingia. China, ambako ufugaji bado ni halali, wapo wanaoachiwa tundu tumboni nyongo ichuruzike. Mara nyingine inatoka na usaha. Samahani kama ulikuwa unakula.

Mwaka 2005 Vietnam iliwawekea chipu za utambulisho dubu zaidi ya 4,000. Kukamua nyongo marufuku, lakini mfugaji abaki na dubu wake. Jamani, fisi kapewa bucha alinde! Nani atamlisha mnyama huyo miaka na miaka kwa mapenzi tu? Walikamua kwa siri.

Mpakani nako, mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya dubu weusi wa Asia. Halafu Februari 2020 China ikapiga marufuku kula wanyamapori, na mwezi uliofuata mamlaka yake ya afya ikaorodhesha sindano ya Tan Re Qing, yenye unga wa nyongo ya dubu, kwa wagonjwa mahututi wa korona. Mkono mmoja unafunga, mwingine unafungua.

Huku tangu 2017 serikali imekubaliana na shirika la Animals Asia kumaliza ufugaji huu. Dubu wanaookolewa wanapelekwa kwenye hifadhi kama ile ya Tam Dao, na waliobaki kwa wafugaji hawafiki 300, wengi wao pembezoni mwa jiji hilihili. Kinachokwamisha sasa ni fedha: wafugaji wanataka walipwe kwanza, waokoaji hawakubali kununua, maana ukimlipa leo, kesho fedha hiyo inanunua dubu mwingine.