Vyungu viwili na nyanya 24: kuandaa mradi wa mashindano ya sayansi

Hamjambo vijana, karibuni. Mezani hapa nina vyungu viwili, ndoo ya mchanga, themomita mbili na nyanya 24 nilizonunua leo asubuhi. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya sayansi huku Tanga, na kila msimu wa Young Scientists Tanzania, mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari, ukikaribia wanafunzi hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, tutengeneze nini?" Ngoja kwanza. Kabla hujatengeneza chochote, tafuta cha kuuliza.

Mfano ni huu. Nyanya hizi zimeshuka kutoka Lushoto. Mama anayeniuzia, kila jioni anatenga zilizolainika na kuziuza fungu kwa bei ya kutupa. Basi swali letu: chungu ndani ya chungu, yaani friji ya udongo isiyotumia umeme, kitaziongezea nyanya siku ngapi hapa Tanga? Hayo maneno mawili ya mwisho yapigie mstari, kwa sababu chungu chenyewe si kipya. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, alikisambaza kule jimbo la Jigawa, kaskazini mwa nchi hiyo, miaka ya 1990. Biringanya ziliripotiwa kukaa siku 27 badala ya 3, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Jaji anayeijua habari hiyo atakuuliza chako ni kipi. Utamjibu kwamba Jigawa hewa ni kavu na sisi tuko pwani, shati likifuliwa leo linakauka kesho. Hilo hakuna aliyekupimia.

Sasa tazama mikono yangu. Chungu kikubwa kisiwe kimepakwa rangi wala kung'arishwa, maana maji lazima yapenye udongo. Naweka mchanga chini, kiasi cha vidole vitatu. Natumbukiza chungu kidogo katikati, kisha najaza mchanga pembeni mpaka karibu na ukingo. Namwaga maji taratibu... taratibu... mpaka mchanga usinywe tena. Nyanya 12 ndani, kitambaa kibichi juu. Nakiinua juu ya matofali mawili ili upepo upite chini. Kazi yote ni ya yale maji: yakigeuka mvuke yanaondoka na joto la chungu.

Nyanya 12 zilizobaki naziweka kwenye ungo, chumba hiki hiki, kivulini. Hapa ndipo miradi mingi inapokufa, niwe mkweli. Wanafunzi wanaleta nyanya zilizokaa siku nyingi chunguni, wanapigiwa makofi, halafu jaji anauliza: na zile ambazo hazikuwekwa chunguni? Kimya. Bila ungo huu huna jaribio. Na nyanya ziwe za aina moja, zilizochumwa siku moja, zenye wekundu mmoja. Ukiweza, rudia mara tatu, maana nyanya moja yenye mchubuko inaweza kuharibu hesabu yote.

Themomita ya kwanza inaning'inia hivi hivi, kavu. Ya pili naifunga pamba kwenye tumbo lake la chini, kisha nailowesha na kuipepea kwa daftari. Sogea uone: kavu inasoma 31, ya pamba imeshuka mpaka 26 na imegoma. Chungu changu hakiwezi kuwa baridi kuliko hiyo ya pamba, hata nikimwagia maji kutwa nzima. Kwa hiyo hapa, leo, nina nyuzi 5 tu za kuchezea. Dodoma wakati wa kiangazi mwanya huo ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayeeleza jambo hili mbele ya meza yake, jaji atavuta kiti.

Soma vipimo saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, kila siku, na uandike kwenye daftari gumu, kwa kalamu, papo hapo. Ukikosea, piga mstari mmoja ili lililokosewa lisomeke. Mwaka mmoja timu yangu ilikwenda na daftari safi kama la harusi. Jaji akafungua, akafunua kurasa, akauliza mbona siku 14 zimeandikwa kwa mwandiko usiochoka. Walikuwa wamelinakili usiku uliotangulia, na namba mbili "mbaya" zikarekebishwa njiani. Aibu ile niliibeba mimi.

Namba mbaya usiiguse. Mwaka 1963, kule kule Lushoto, mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba aitwaye Erasto Mpemba alitia maziwa ya moto kwenye friza ili asikose nafasi, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza jambo hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne akampa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala, na wanasayansi wanabishania jambo hilo hadi leo.

Bango nitalipitia haraka, kwa kuwa watu hutumia muda mwingi mno hapo. Swali juu, kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua tatu. Njia, picha mbili, grafu moja kubwa katikati, hitimisho. Maua ya maka peni acha.

Kuzungumza ndiko kunakohitaji mazoezi. Mkiwa wawili, gawaneni: mmoja aeleze swali na njia, mwingine matokeo, lakini kila mmoja ajue yote, maana jaji humgeukia aliyenyamaza. Dakika tatu. Usilisome bango, lionyeshe kwa kidole. Na hata kama siku hiyo mtaeleza kwa Kiingereza, kwanza nendeni kwa muuza nyanya mkamweleze kwa Kiswahili. Wangu aliniuliza, "Mwalimu, kreti zima litaingia humo?" Halikuingia. Nikagawanya bei ya vyungu kwa nyanya 12, nikanyamaza kidogo. Hesabu hiyo sasa ipo kwenye bango, chini ya grafu.

Ukiulizwa usichokijua, sema: "Hilo hatukulipima, ila tungelipima hivi," kisha eleza.

Siku ya safari, vyungu vifungeni kwa nguo kuukuu na mvipakate. Mchanga msibebe, upo kila mahali. Daftari lisiingie kwenye buti la basi.