Mbeba boksi aliyegeuka mama mwenye nyumba

Haya wadau, nimerudi. Hiyo nyumba nyuma yangu ndiyo ile mnayoniulizia kila siku: "Dada, wewe si unabeba boksi huko Marekani, nyumba ya kupangisha uliipataje?"

Sikuinunua kama mwekezaji. Niliinunua kama mtu anayetafuta pa kulala, na ujanja wote upo hapo. Benki za huku ukiziambia unataka nyumba ya familia mbili hadi nne ili upangishe tu, mara nyingi zitataka utangulize kama robo ya bei. Robo! Ningeitoa wapi? Lakini ukikaa humo mwenyewe, kuna mkopo wa FHA, yaani idara ya serikali inayokatia bima mikopo ya nyumba tangu 1934, ili ukishindwa kulipa benki isibaki na hasara. Alama zako za mkopo, zile zinazoonyesha unavyolipa madeni, zikiwa 580 kwenda juu, unatanguliza asilimia 3.5. Na nyumba inaweza kuwa na hadi sehemu nne: wewe moja, wapangaji tatu.

Masharti yapo. Unahamia ndani ya siku 60 na unakaa angalau mwaka. Msije mkasaini kwamba mtakaa halafu msikae. Ni kosa la jinai, na sisi wengine tupo nchi ya watu. Halafu tangu Mei 2025 mwenye viza ya muda hapewi tena. Grini kadi, sawa.

Na bima yenyewe unailipa wewe! Asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, kisha kidogo kidogo kila mwezi. Ukitanguliza hiyo 3.5, haikuachi hadi umalize deni au ukope upya kwingine.

Sasa niwaambie nilipoanguka. Nilipenda nyumba ya sehemu nne, nikaanza hata kuchagua mapazia. Kumbe sehemu tatu au nne zina mtihani wake: wanajumlisha kodi ya pango ya sehemu zote, hata ile utakayolala wewe, wanakata robo kwa ajili ya vyumba kukaa tupu na matengenezo. Kinachobaki lazima kifikie rejesho la mwezi, pamoja na kodi ya jengo na bima. Kila sehemu ilikuwa dola 1,500, jumla 6,000. Toa robo, 4,500. Rejesho? 4,700. Dola 200 zikaninyima nyumba.

Nililia, siwafichi. Wiki mbili baadaye nikashukuru, maana hesabu ile ndiyo nilipaswa kuipiga mwenyewe kabla ya mapazia.

Nikachukua hii ya familia mbili, haina mtihani huo. Mimi chini, mpangaji juu. Kodi yake inabeba zaidi ya nusu ya rejesho. Mwezi wa tatu hita ya maji ikafa, tena wakati wa theluji, na akiba niliyokuwa nayo ikaenda yote kwa fundi.

Subirini, mpangaji ananigongea dirisha. Itakuwa ile sinki tena.