Ndizi za Rungwe na Mpaka wa Kasumulu

AMANI: Karibuni tena. Tuko Mbeya mjini, ukungu umefunika mlima Loleza wote. Dada Atu, tulisema leo tuzungumzie utaifa: kwenye dunia hii ya utandawazi, utadumu?

ATUPELE: Utadumu, kaka. Mimi nauliza utadumu wa namna gani. Nauliza hivyo kwa sababu ya ndizi.

AMANI: Za Kasumulu, pale mpakani na Malawi?

ATUPELE: Hizo hizo. Machi 2025 Malawi ilizuia mahindi, mchele, tangawizi na ndizi za kutoka nje, ili kulinda wakulima wake na kubana fedha za kigeni. Aprili na sisi tukafunga mlango kwa mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache. Ila ndizi haina siku chache! Mkungu ukatwe Rungwe, ulale chini ya turubai kwenye joto la Kyela, siku ya tatu umeanza kuwa njano. Nilimkuta mama mmoja anachambua chana moja moja: ngumu huku, zilizolegea kule. Anaziminya kwa kidole gumba, hasemi neno.

AMANI: Na huenda ana shemeji Karonga, ng'ambo ya Malawi. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule wanasikilizana vizuri tu. Mto Songwe waliufanya mpaka Wajerumani na Waingereza, kwenye mapatano yao ya 1890.

ATUPELE: Ndiyo, lakini sasa mpaka huo ni wetu, siuponde. Mkulima wa Malawi naye ana haki ya kulindwa. Kinachoniuma ni kwamba soko likibana kidogo, neno la kwanza linalotujia ni "funga".

AMANI: Halikuwa hilo zamani. Angalia reli ya TAZARA. Zambia ilibanwa na walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, shaba yake haina pa kupitia. Nyerere na Kaunda wakaomba, nchi za Magharibi zikasema reli hiyo haitalipa. China ikakopesha bila riba. Kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860, Dar hadi Kapiri Mposhi, zikapita Makambako, hapa Mbeya, Tunduma. Tanzania, nchi maskini, haina hata miaka kumi na tano ya uhuru, inajifunga kwenye deni ili jirani apumue. Na hakuna aliyewaona si wazalendo!

ATUPELE: Huo ndio ninaoutaka. Kujipenda kusikokuwa na hofu na jirani. Eneo huru la biashara la Afrika lilianza Januari 2021. Makaratasi yapo. Ila 2025 mkungu wa ndizi ulisimamishwa mtoni.

AMANI: Yule mama aliishia wapi?

ATUPELE: Alizirudisha sokoni Kyela, akauza kwa bei ya kutupa. Zilizoiva sana aliwagawia madereva wa Malawi waliokwama upande wetu. Walikuwa hawajala tangu asubuhi.